Aleyamma Ittoop na Sauti za Mwiko

Majina ya maprofesa wa taasisi yetu hapa Thrissur yamechongwa kwenye marumaru penye mlango mkuu. Jina la Aleyamma Ittoop, aliyeiendesha mashine ya MRI ya taasisi hiyo kwa miaka kumi na tisa, aliyewalaza watu chali kwa maelfu, akawafunika miguu na kuwaambia wasiogope, limeandikwa kwenye daftari la zamu tu, tena kwa herufi mbili: A. I. Mimi ni mwendeshaji wa mtambo wa maji baridi unaoipoza mashine hiyo. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kwa kuwa hakuna mwingine atakayemwandika, namwandika mimi, na yeyote atakayechomwa na maneno haya ajue kwamba yamekusudiwa.

Baba yake aliendesha kinu cha mpunga nje kidogo ya mji wa Pala. Aleyamma alifanyia kazi za shule kizingitini mwa kinu hicho, na inasemekana alipokuwa na miaka tisa aliweza kumwambia baba yake, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, kwamba mkanda wa gurudumu la pili ungekatika kabla ya chakula cha mchana. Alimaliza sekondari, akasomea picha za eksirei kwa miaka miwili, akaolewa na seremala, akafiwa na seremala, akamlea binti mmoja ambaye sasa ni muuguzi Kuwait. Hakuwa mwanafizikia. Hilo alikumbushwa mara nyingi sana na watu ambao kazi yao ilimtegemea.

Ni lazima nieleze kidogo kazi yenyewe. Ndani ya kuta za bomba la MRI, mbali na sumaku kubwa, mna nyaya nene zilizozungushwa. Umeme huzisukuma na kuzivuta mamia ya mara kwa sekunde, na kelele anazozisikia mgonjwa ni nyaya hizo zikigonga kuta. Ni lini zisukumwe, ni lini mawimbi ya redio yapigwe, ni lini mashine inyamaze isikilize mwili ukijibu: huo ndio mpangilio wa mapigo, na bila huo hakuna picha. Zamani mipangilio yote ilikuja na mashine, imefungwa, na mtengenezaji peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuifungua. Kisha ikaja programu huria. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuandika mpangilio wake, akauona kila mstari, akamtumia mwenzake upande wa pili wa dunia bila kulipa wala kuomba. Siku programu hiyo ilipowekwa kwenye mashine yetu, Aleyamma aligawa keki ya plamu kwa ofisi nzima. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa ufunguo wa nyumba aliyokuwa akiifagia miaka yote.

Maabara yetu ilikuwa na desturi yake: aliyeandika mpangilio mpya ndiye alalaye kwanza ndani ya bomba. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeivunja. Mtu akijua kwamba fuvu lake ndilo litakalotangulia, huhakiki kazi yake mara tatu. Lakini Nishad, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa hodari kuliko wote, alikuwa ameanguka na pikipiki akawekewa chuma cha zamani mguuni, na mwenye chuma cha namna ile haingii kwenye sumaku. Kwa miaka miwili aliandika yeye wakalala wengine. Hakuwahi kusikia kazi yake kutoka ndani. Namtaja kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyezungukwa na watu waliopenda matokeo.

Wiki ya pili ya Juni, mvua zikiwa zimeshaanza kweli kweli, tulitangaziwa kwamba wajumbe watano wa wafadhili wetu kutoka Delhi wangekuja siku ya Jumatano saa tisa alasiri. Profesa Madhavankutty, mkuu wa maabara, alitaka kuwaonyesha picha ya ubongo mzima kwa dakika mbili, kwa mpangilio wa Nishad. Kulihitajika mtu wa kulala. Aliyechaguliwa alikuwa Kochuthresia, mama anayefagia ghorofa yetu.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Wanafunzi kumi na mmoja wenye afya njema walikuwa humo ndani, wenye bima na wenye baba wanaojua kupiga simu kwa mawakili. Akachaguliwa mfagiaji.

Asubuhi ya Jumatano Aleyamma alifanya jaribio la sekunde ishirini kwa nanasi. Sisi hupima kwa nanasi. Lina maji, lina nyuzi, na likikatwa baadaye linalika. Nilikuwa mlangoni nikisoma kipimo cha joto la maji. Mashine ilianza kwa mlio wake wa kawaida, kama chuma kikisagwa, kisha mlio ukapanda na kutulia kwenye sauti moja nyembamba iliyoingia kwenye meno. Vikombe vya chai vilitikisika kwenye meza ya chumba cha usimamizi. Aleyamma alizima.

Alipoingia na kuvuta kitanda, nanasi lilikuwa limesogea upana wa kidole kutoka mahali alipoliweka.

"Nishad," aliita aliporudi kwenye chumba cha usimamizi. "Njoo hapa, mwanangu."

"Picha imetoka safi, dada! Umeiona? Hadi macho ya nanasi yanahesabika."

"Sijauliza picha. Huu mlio umeupata wapi?"

"Mlio ni mlio, dada. Mashine ikikimbia inalia. Hata mimi nikikimbia nalia."

"Usinichekeshe. Kila mashine ina sauti zake za mwiko. Ukizipiga, mwili wake wote unatetemeka, nyaya zinapasuka, kimiminika baridi cha sumaku kinachemka na kuwa gesi. Hii yetu haipigwi karibu na mitetemo mia tano na tisini kwa sekunde. Wewe umekaa hapo hapo."

"Lakini programu imekagua! Tazama." Nishad aliigeuza kompyuta. Palikuwa na mstari wa kijani: sauti za mwiko, hakuna iliyoguswa. "Imepita."

Aleyamma alivaa miwani, akalipandisha faili mstari kwa mstari hadi kwenye kurasa za mwanzo, mahali mwandishi anapoitajia programu mashine yake ni ipi, nguvu zake ni zipi na mwiko wake ni upi. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii orodha ni ya mashine gani?"

"Ilikuja na faili la mfano. La wale wa Ulaya niliowaambia."

"Basi umemkagulia jirani damu, ukaambiwa wewe ni mzima."

Hilo ni kosa ambalo watu wa nje hawawezi kulifanya, kwa sababu hawana cha kukosea. Katika ulimwengu wa programu huria hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Unachukua faili la mwenzako, unabadilisha kinachokuhusu, unaacha vingine. Mambo ya mwanzoni huachwa, maana yanaonekana kama maneno ya salamu. Programu haikusema uongo. Iliambiwa kwamba inaongea na mashine nyingine, nayo ikaamini.

Mtu atauliza kwa nini kijana hakuandika orodha ya mashine yetu. Nitajibu, na ningependa jibu hili lisomwe na wenye mamlaka wakiwa wameketi. Hakuwa nayo. Mtengenezaji huiweka orodha hiyo ndani ya mashine, imefungwa, na huihesabu kuwa siri ya biashara. Siri! Jambo linaloamua kama mtu atatoka mzima ndani ya bomba linafichwa kama mapishi ya kachumbari! Aleyamma mwenyewe alikuwa ameipima orodha hiyo kwa miezi minne, kila Jumamosi, chumba kikiwa kitupu, akicheza sauti moja moja na kunasa kwa kipaza sauti alichokifunga kwenye fimbo ya mbao. Alipoomba ruhusa aiweke hadharani, Profesa alimjibu kwamba mkataba wa matengenezo ungevunjika. Nishad hakuwahi kuambiwa kwamba ipo.

Saa nne Aleyamma alikwenda kwa Profesa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nami nilikuwa koridoni nikisubiri sahihi.

"Kijana abadilishe mwendo wa mapigo," alisema. "Ni kazi ya siku mbili. Wageni waonyeshwe picha za jana."

"Siku mbili hatuna, Aleyamma. Umeona tiketi zao? Kesho asubuhi wanaruka."

"Basi waonyeshwe nanasi."

"Watu wametoka Delhi kuja kutazama nanasi?"

"Nanasi halina watoto, Profesa."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kupendwa. "Wewe ni fundi bora kuliko wote niliofanya nao kazi. Nasema hivyo kila mahali. Usianze kuwa mwanafizikia mwaka huu wa mwisho kabla ya kustaafu. Mashine ina vizuizi vyake vya ndani. Ikizidiwa itajizima yenyewe."

"Asubuhi haikujizima. Niliizima mimi."

"Kwa hiyo haikuzidiwa." Alichukua kalamu, akanitazama mimi mlangoni, akatia sahihi karatasi yangu. "Kama hutaki kumweka yule mama, wanafunzi watamweka na Nishad ataendesha. Sitakulazimisha."

Huo ndio ujanja wa watu wakubwa. Hakumlazimisha. Alimpa nafasi ya kunawa mikono, akijua kwamba baada ya kunawa, Kochuthresia angebaki humo ndani mikononi mwa kijana ambaye hajui kuusikia ule mlio.

Mchana tulikula kwenye banda la nyuma, wali na samaki wa kukaanga, mvua ikipiga mabati hata tukawa tunapigiana kelele. Kochuthresia alikuwa amevaa sari mpya na amevua bangili zote. Mikono yake ilionekana kama ya mtu mwingine. Aleyamma alimweleza kila kitu, kwa lugha nyepesi, bila kupunguza. Alimwambia kwamba nyaya zinaweza kupasuka. Alimwambia habari za moshi, na za gesi baridi ya sumaku, ambayo ikikosa kupanda kwenye bomba lake la kutokea paani hujaza chumba, na mtu hukosa pumzi kabla hajajua kwamba amekosa.

"Sasa dada," alisema Kochuthresia, "wewe umeniambia hivyo. Profesa ameniambia ni kama kulala kwenye tanuri lisilo na moto. Nimwamini nani?"

"Mimi."

"Nikikataa, kesho nani atanipangia zamu? Wewe?"

Aleyamma alisogeza sahani yake pembeni.

"Unaona. Halafu wameniahidi picha ya ubongo wangu. Nataka nimpelekee mama mkwe. Miaka ishirini ananiambia sina." Alicheka peke yake, akaanza kuchambua miiba ya samaki, akaacha. "Utakuwepo lakini?"

"Nitakuwa ndani, pembeni yako. Nikikuvuta, usiniulize kitu."

Saa tisa kamili wajumbe walikuwa wameketi nyuma ya kioo, miavuli yao ikichuruzika sakafuni. Nishad alikaa kwenye kompyuta. Tangu asubuhi alikuwa amejaribu kuubadilisha mwendo, na kila alipoubadilisha picha iliharibika. Alimwambia Profesa hivyo. Profesa akamwagiza arudishe lile faili la kwanza. Mimi nilisimama kwenye mlango wa mtambo wangu, mlango wenye tundu la kioo.

Aleyamma alimlaza Kochuthresia, akamziba masikio mara mbili, kwa sifongo na kwa vifuniko, akamshikisha mpira wa kuitia msaada. Kisha badala ya kutoka, alisimama ubavuni mwa kitanda na kuweka kiganja kwenye kifundo cha mguu wa yule mama.

"Huyo fundi atabaki ndani?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Fundi wetu ana moyo wa mama," alisema Profesa.

Mpangilio ukaanza. Sekunde kumi, ishirini. Mjumbe mmoja alikuwa akiandika. Kwenye sekunde ya thelathini na kitu ile sauti nyembamba ilifika, na safari hii haikukatwa. Ilikaa, ikanenepa, ikaanza kupanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Kipimo changu cha maji kilipanda nyuzi mbili, kisha nne. Nilimwona Aleyamma akiinamisha kichwa. Najua alichokuwa akikisikiliza, kwa sababu mimi pia nilikisikia kupitia ukutani: chini ya ile sauti palikuwa na nyingine, nzito, isiyo na mpangilio, ya kitu kilicholegea.

Alifungua komeo la kitanda na kuvuta kwa mikono miwili.

"Aleyamma, usiguse!" Profesa aliita kwenye kipaza sauti. "Nishad, endelea. Usisimamishe, picha inaunganika!"

Nishad alikuwa na kidole juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Simlaumu kama ninavyomlaumu aliyemwamuru, lakini hakukibonyeza.

Kochuthresia alitoka ndani ya bomba kichwa mwisho, akateremshwa sakafuni kama gunia, akaburutwa hadi mlangoni. Walikuwa wamevuka kizingiti kwa hatua tatu au nne mashine ilipopasuka. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, kama tawi likivunjwa, ukafuatwa na harufu ya plastiki inayoungua. Kisha juu ya paa ile gesi ya sumaku ikaanza kutoka kwa kishindo kilichoushinda mngurumo wa mvua, wingu jeupe likimwagika juu ya miti ya bustani, na kila kengele ya jengo ikalia pamoja.

Bomba la paani lilifanya kazi yake, chumba hakikujaa. Kochuthresia alitetemeka kwa saa nzima na akapoteza usikivu wa sikio la kushoto, ambao haujarudi. Picha hakupewa.

Miezi miwili baadaye ilitoka taarifa ya uchunguzi. Nimeisoma yote, kurasa kumi na saba. Inasema kwamba chanzo ni "matumizi ya programu isiyo na dhamana", na inaagiza kwamba programu huria zote ziondolewe, na mipangilio inunuliwe kwa mtengenezaji, imefungwa kama zamani. Hakuna ukurasa hata mmoja unaouliza kwa nini orodha ya mwiko ilikuwa siri, wala kwa nini fundi aliyeijua alinyamazishwa, wala kwa nini mfagiaji alilazwa mahali pa mwandishi. Wameuvunja mkono uliofungua dirisha na kumsifu aliyelipigilia misumari. Mimi nasema hadharani: uwazi haukumdhuru mtu. Uwazi uliofika nusu ya njia ukazuiwa mlangoni ndio uliodhuru.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile ile, wajumbe walipokwisha kukimbilia magari yao, tulikuwa watatu kwenye chumba changu: Aleyamma, mikono yake bado ikinuka moshi, mimi, na Nishad aliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Dada," alisema. "Kuna jambo."

"Sema."

"Lile faili. Ijumaa, lilipopita ukaguzi, nililiweka kwenye mtandao. Hadharani. Nilifikiri..." Akatuonyesha simu yake. "Limeshachukuliwa mara saba."

Aleyamma hakumgombeza. Aliomba kiti. Nishad alilifuta faili mbele yetu, lakini sote tulijua kwamba lililokwisha kuchukuliwa halifutiki. Tukafungua orodha ya waliolichukua. Watano walikuwa katika nchi za mbali, wenye mashine za aina nyingine, ambao mwiko wao haukuwa wetu, wakaandikiwa barua. Wawili walikuwa na mashine kama yetu, ya mtengenezaji yule yule, ya mwaka ule ule. Wa kwanza, wa Pune, walijibu baada ya robo saa: hawajaligusa, ahsanteni. Wa pili walikuwa wa hospitali moja upande wa pili wa milima, Tamil Nadu. Fundi wao aliitwa Selvam. Aleyamma ndiye aliyemfundisha programu, katika kozi ya wiki mbili, na katika barua zake Selvam bado alimwita mwalimu.

Simu ya Selvam iliita hadi ikakatika. Ikaita tena. Mafundi wa MRI huacha simu kwenye kabati nje ya chumba, chuma hakiingii.

Aleyamma alipiga namba ya mapokezi, akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Alizungumza Kitamil chake cha kuungaunga. Msichana alipokea, sauti yake changamfu, nyuma yake watoto wakilia na mtu akiitwa kwa namba.

"Hospitali, karibuni."

"Binti yangu, nitafutie Selvam wa MRI. Haraka sana."

"Fundi yuko kazini, mama. Piga baada ya nusu saa."

"Kazi gani?"

"Sijui mambo yao. Tangu jana anafurahi kwamba amepata kipimo kipya, cha dakika mbili. Wagonjwa hawatapanga foleni tena." Alicheka kidogo. "Sasa hivi ameingiza bibi mmoja."

Nishad aliketi sakafuni.

"Binti, nisikilize. Usikate simu. Iweke mezani, nenda mpaka chumbani kwake, ugonge kioo kwa ngumi mpaka akutazame, mwambie Aleyamma anasema amtoe. Amtoe huyo bibi sasa hivi."

"Mimi siruhusiwi kuacha dirisha, mama. Msimamizi..."

"Nitaongea na msimamizi. Nenda, mwanangu. Nenda."

Kisha tukasikia kiti kikisogezwa, na msichana akimwomba mtu amshikie dirisha, na mtu huyo akimuuliza kwa nini, naye akieleza, na huyo mtu akitaka aelezwe tena. Aleyamma alikuwa ameinama juu ya simu, viganja vyote viwili vimebana ukingo wa meza. Hatimaye tulisikia ndara zikiondoka juu ya sakafu, taratibu, mwendo wa mtu aliyeambiwa siku zote asikimbie ndani ya hospitali.